Kula Kwetu na Kula kwa Wengine

Kila familia ya huku Wamaza inakutana na swali hili siku ya kufunga safari: tubebe chakula chetu, ao tutakula kile tutakachokuta? Linaonekana ni swali la mama na sufuria yake. Lakini ndani yake muna swali la adabu: mtu anayependa chakula cha kwao ana deni gani mbele ya chakula cha wengine?

Kati ya Kasongo na Kabambare tunajua raha yetu: bugali wa muhogo wenye moto, sombe iliyotiwa mawese, wali na maharagi, samaki wa Lualaba akipatikana. Mtu wa kwetu akikaa Kinshasa na kupewa pondu, ambayo ni sombe hiyo hiyo, atasema tu: «Hapana, ya kwetu iko tofauti.» Kupenda vile si kosa.

Kosa linaanza pale raha inapogeuka kiburi. Tunasikia: wale ni wala viwavi, wengine wanajua ndizi tu. Mzaha unaanza kwenye sahani, mwishoni unakuwa jina la kabila. Na sisi Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na wengine tunaokaa pamoja, tunajua maneno ya namna hiyo yanaweza kufika wapi.

Tena tukichungua sahani yetu wenyewe, tutakuta wageni mule. Muhogo, mahindi na karanga asili yao ni Amerika. Mchele ulienea huku katika karne ya 19 pamoja na watu wa pwani, wakati Tippu Tip alipofanya Kasongo kuwa makao yake. Njia zile zile zilipitisha pembe na watumwa. Halafu Wabelgiji wakaufanya kilimo cha lazima, asiyelima akaadhibiwa. Leo mchele ni sifa ya Maniema. Basi nani atasema chakula chake ni cha kwao tangu dunia kuumbwa?

Kilicho chetu kweli ni ujuzi na desturi. Ni mama anayejua kulowanisha muhogo mchungu siku kadhaa, kuuanika na kuutwanga. Ujuzi huo tuulinde, maana sumu isipotoka vizuri inaweza kulemaza miguu ya watoto, ugonjwa unaoitwa konzo. Na ni ile desturi ya kunawa, kungoja wakubwa, na kumwita mpita njia: «Karibu, tukule.»

Sasa tumesafiri na watoto. Kwa Warega, upande wa Pangi, tunapewa ndizi na viwavi. Ziwani, Baraka ao Kalemie, ni ndakala. Katanga bugali ni wa mahindi, nao wanauita bukari. Kisangani kuna lituma ya ndizi za kutwanga. Mtoto anakunja uso: «Siye hatukulaka hii.» Wazazi wengine wanakimbia kumununulia mkate. Sisi tunasema: aonje kwanza. Mama mwenye nyumba labda amechinja kuku wake mmoja tu, naye anaangalia kama amekubaliwa. Mtoto akishindwa, aseme asante na anyamaze.

Na mwiko je? Muislamu hali nguruwe, na kuna koo zisizokula nyama fulani. Mwiko hauvunjwi juu ya kufurahisha mwenyeji. Unasemwa mapema na kwa upole, sufuria ikiwa bado haijapanda jikoni. Anayesema «mimi nimekatazwa» anajishusha chini ya sheria yake. Anayesema «hiki ni kibaya» anamshusha mwenyeji.

Mgeni naye ana wajibu wake. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni akimaliza nyama yote, watoto wa nyumba wakabaki na mchuzi, ni nani amepona? Mwenye akili anabakisha.

Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, familia nyingi za huku zilikimbia na kuishi kwa chakula cha watu ambao hawakuwajua. Mwenye njaa haulizi bugali ni wa kabila gani. Kwa hiyo tuwafundishe watoto kupika sombe kama bibi zao, na tuwafundishe pia kunyoosha mkono kwenye sahani ya jirani bila dharau. Anayejua la kwanza tu, mila amejifunza nusu.