Mpangilio Usio na Mpangaji

Kimiminiko cha kupasulia miamba yenye mafuta na gesi hutakiwa kutimiza haja mbili zinazopingana. Kwanza kiwe kizito, ili kikisukumwa kisimani kwa shinikizo kubwa kibebe mchanga hadi ndani ya ufa, mchanga huo uuzuie ufa usijifunge. Kisha kiwe chepesi, kirudi juu na kuyaachia mafuta njia. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na polima, hasa gundi ya guari, itokanayo na mbegu za mmea wa jamii ya kunde unaolimwa sana Rajasthan, India. Kasoro yake ni kwamba viungo vya polima ni vya kudumu: lazima ikatwekatwe kwa vimeng'enya au vioksidishaji, na masalia yake huziba vijia vya mafuta. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaingia sokoni njia nyingine, ya surfaktanti, yaani kemikali za ukoo wa sabuni. Njia hiyo, ambamo molekuli hujipanga zenyewe, inagusa swali la kale la dini na falsafa: palipo na mpangilio, lazima pawe na mpangaji?

Molekuli ya surfaktanti ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakwepa. Maji yanayouzunguka mkia hupungukiwa na uhuru wa kujigeuza. Mikia ikikusanyika na kufichana, uhuru huo hurudi. Kwa hiyo utaratibu wa miseli, kama makundi hayo yanavyoitwa, hulipiwa na vurugu ya maji, na entropia ya jumla, yaani kipimo cha vurugu, huongezeka. Umbo la kundi hutegemea nafasi ambayo kila kichwa hudai. Vichwa vyenye chaji ya aina moja husukumana, na miseli huwa tufe. Chumvi ikipunguza msukumano huo, vichwa husogeleana na miseli hurefuka kuwa nyuzi zinazosokotana.

Badiliko hilo huonekana kwa macho. Surfaktanti iitwayo setiltrimethilamonia bromidi ikiyeyushwa kidogo ndani ya bilauri ya maji, maji hubaki maji. Ikiongezwa chumvi iitwayo salisilati ya sodiamu, kimiminiko huanza kuvutika. Bilauri ikizungushwa kisha ikasimamishwa ghafla, viputo vya hewa vilivyonaswa ndani hurudi nyuma, kana kwamba vimefungwa kwenye mpira. Mafuta yakichanganywa humo, nyuzi huvunjika na mnato hupotea.

Mwanatheolojia William Paley, mwaka 1802, alijenga hoja yake juu ya saa iliyookotwa nyikani: jinsi sehemu zake zinavyooana humshuhudia fundi. Hoja hiyo haifui dafu mbele ya bilauri, kwa maana hakuna mkono ulioiweka molekuli hata moja mahali pake. Thomas Aquinas, katika karne ya 13, ni mgumu zaidi kumjibu. Yeye alitazama mwelekeo wa kudumu wa vitu visivyo na akili, akasema huelekezwa na mwenye akili kama mshale na mpiga upinde. Lakini nyuzi za miseli hutokea vilevile penye mchanga wa kubebwa na pasipo na mchanga. Kubeba mchanga ni kusudi la mhandisi aliyechagua chumvi. Molekuli haina habari nalo. Mpangilio na kusudi, vinavyozoeleka kutajwa kwa pumzi moja, hapa vimeachana.

Muumini anaweza kurudi hatua moja nyuma na kuuliza ni nani aliyeyapa maji tabia yake. Al-Ghazali, mwanatheolojia wa Kiislamu, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa, alikataa hata kuiita hiyo tabia: pamba ikigusa moto huonekana kuungua, lakini kinachoonekana ni mambo mawili kufuatana tu, na mwenye kuunguza ni Mungu. Mwanafalsafa Ibn Rushd alimjibu kwamba anayekana tabia za vitu amekana elimu yenyewe. Mhandisi kisimani huishi kama mwanafunzi wa Ibn Rushd, akiamini kwamba chumvi ya kesho itafanya kama ya leo. Hata hivyo Al-Ghazali hakukana kwamba Mungu ana kawaida isiyobadilika ovyo, kwa hiyo bilauri haiwezi kuamua kati yao. Inamwangusha Paley peke yake.

Wapo pia wanaovutwa upande wa pili, waone uhai humo. Wanafizikia wenyewe huziita nyuzi hizo polima hai, kwa sababu hukatika na kuungana upya bila kukoma. Nadharia ya mwanafizikia Michael Cates ya mwaka 1987 ilieleza mnato wake kwa njia hiyo. Jina hilo ni la ukarimu. Mwanafalsafa Kant, mwaka 1790, alitaka kiumbe hai kiwe na sehemu zinazozalishana kwa ajili ya kitu kizima. Uzi wa miseli hauna kizima cha kulinda: nusu yake ikiungana na nusu ya mwingine, swali la upi ndio uleule halina jibu, wala kimiminiko hakilihitaji. Kinachodumu ni urefu wa wastani.

Joto kali la visima virefu hufupisha urefu huo na kuondoa mnato. Ndiyo maana watafiti huchanganya surfaktanti na polima zilizopachikwa matawi yanayokwepa maji. Matawi huingia ndani ya miseli na kuzifunga pamoja. Katika mtandao huo uti wa polima umeungwa na mkemia kwa viungo vya kudumu, mafundo yamejifunga yenyewe, na mchanga hubebwa na vyote viwili kwa pamoja.