Hewa ya Injini, Hewa ya Mtu

Injini ya dizeli ya lita 4.2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huvuta karibu lita 4,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Mtu aliyekaa kivulini akisubiri chai hutumia lita sita hadi nane tu. Akibeba kiroba cha mawe anaweza kufika lita hamsini. Nimekuwa nikipiga hesabu hizi tangu likizo iliyopita, nilipomsaidia fundi kufunga bomba jipya la hewa kwenye Land Cruiser ya baba mdogo kule Saza. Kila nikizirudia, hunifikisha kwenye swali ambalo haliko kwenye kitabu cha ufundi: tunajua vizuri sana kuikinga injini na vumbi, kwa nini mtu anayesimama kando yake tunamwachia leso?

Saza iko Wilaya ya Songwe, katika mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ni sehemu ya ukanda wa dhahabu wa Lupa, uliovuta wachimbaji tangu miaka ya 1920; mgodi wa New Saza ulifanya kazi zama za Waingereza. Dhahabu ya huku hukaa kwenye mishipa ya kwatzi, lile jiwe jeupe gumu. Ili uipate, lazima jiwe lisagwe liwe unga. Kwa hiyo kiangazi Saza ina mavumbi mawili: jekundu la barabarani, linalotimuliwa na malori, na jeupe la kwenye karasha.

Gari lenyewe ni la miaka ya 1990, limeshapita mikono mingi. Bomba lake la asili huvuta hewa kutoka ndani ya madigadi, kimo kilekile ambacho vumbi la lori lililo mbele yako huwa zito. Bomba la nje, ambalo mafundi huliita snokeli na sisi nyumbani tunaliita pua, hupanda ubavuni hadi usawa wa paa, ambako vumbi ni jepesi zaidi. Lenye jina kubwa lingegharimu zaidi ya milioni moja. Baba mdogo alileta la bei nafuu, limefungwa kwenye boksi lisilo na maelekezo.

Kazi ilichukua siku nzima. Tulibandika karatasi ya kipimo kwenye madigadi, tukatoboa kwa drili, tukapaka rangi kingo za tundu zisije zikaota kutu, kisha tukakaza boliti. Tatizo likajitokeza ndani. Mpira uliokuja na boksi ulikuwa mpana kuliko shingo ya eya klina. Nilidhani tungeujaza silikoni. Fundi akakataa. Akaenda kutafuta kipande cha mpira wa lori, akakikata na kukibana kwa klampu mbili.

Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliliwasha gari, akaliacha kwenye sailensa, akapanda juu ya bampa na kuziba mdomo wa ile pua kwa kiganja. Injini ikaendelea kuunguruma kama kawaida. "Unaona dogo?" akaniambia. "Inaiba hewa mahali." Tukatafuta kwa sikio hadi tukasikia mluzi mdogo chini ya boksi la chujio. Alipoziba tena baada ya kurekebisha, injini ilikoroma kidogo ikazima. Hapo ndipo alipoagiza soda.

Nimesoma kurasa nyingi juu ya uaminifu, lakini kipimo cha kiganja kimenifundisha kitu ambacho sikukipata humo. Kununua cha bei nafuu hakuna dhambi. Wengi wetu hatuna namna nyingine. Hatari iko kwenye kinga isiyopimwa. Pua inayovuja ni mbaya kuliko kukosa pua, kwa sababu humpa mwenye gari ujasiri. Ataingia mtoni wakati wa masika akiamini kwamba injini inavuta hewa juu ya paa, kumbe inavuta maji pale chini. Yule anayeuza kinga anauza pia ujasiri, na ujasiri huo ni deni.

Sasa geuza kichwa. Mita chache kutoka tulipokuwa tunafunga pua, vijana wawili walikuwa wanalisha karasha la baba mdogo. Mmoja alikuwa amefunga fulana puani, mwenzake leso. Jiwe ni lilelile. Vumbi la kwatzi likipita kwenye chujio hukwangua silinda, gari likaanza kula oili na kutoa moshi, na mwisho wake ni ovahoo. Likiingia kwenye mapafu huacha makovu, taratibu, kwa miaka. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, hauna tiba, na humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu. Mapafu hayafanyiwi ovahoo. Na chembe zinazoua ni zile ndogo kabisa zisizoonekana kwa macho, ambazo fulana haizizuii. Ile fulana ni pua inayovuja, na hakuna aliyewahi kuiwekea kiganja.

Nilimuuliza fundi kwa nini. Akajibu bila kuinua kichwa: "Injini ikifa, kuna mtu anapata hasara."

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 juu ya misingi ya maadili, alitenganisha vitu vyenye bei na vile vyenye hadhi. Chenye bei kinaweza kubadilishwa na kingine cha thamani hiyohiyo. Mtu hana bei, ana hadhi. Darasani tuliisoma kama sifa ya mtu. Nikiwa Saza niliiona ikifanya kazi kinyume. Injini inalindwa kwa sababu ina bei: mwenyewe anajua ikifa atatoa shilingi ngapi. Mapafu ya kijana wa kutwa hayana bei kwenye vitabu vya mtu yeyote, basi hayalindwi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pumzi nayo hupotea hivyohivyo. Kijana atakohoa miaka kumi baadaye, akiwa kwao, na hakuna atakayeunganisha kikohozi hicho na karasha.

Utaniambia wamekubali wenyewe, na hakuna aliyewashika mkono. Ni kweli, na barakoa nzito huchosha mtu anayelipwa kwa idadi ya viroba. Lakini ukubali wa mtu ambaye chaguo lake la pili ni njaa hauwezi kubeba mzigo wote huo. Tena Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Haikusema kinga ni hiari ya mwenye njaa. Na kinga bora pengine si barakoa: jiwe likilowanishwa kwa maji kabla ya kusagwa, vumbi hupungua sana kwa kila aliye karibu, pamoja na mama ntilie.

Siandiki haya kama mtu wa pembeni. Ada yangu ya uzamili imetoka kwenye karasha lile. Kwa hiyo jioni moja nilimwomba baba mdogo daftari lake. Dizeli ipo, oili ipo, mikanda ipo, pua mpya ipo. Nikamwonyesha kwamba hakuna mstari wa maji wala wa barakoa. Aliniangalia kwa muda, akauliza pipa la maji linaweza kutosha viroba vingapi. Nikamwambia tupime. Akanipa kalamu.