Pima, Kisha Ujizuie



Leo nasema na mwindaji wa Bukavu. Nasema na kijana anayetafuta ile telemeta ya leza, chombo kinachokaa kiganjani, ukibonyeza kinakuambia mnyama yuko mita ngapi. Nasema na mjomba aliye Ulaya au Marekani, ambaye ameombwa akitume. Swali lenu nyote ni moja: kipi kinafika mbali zaidi? Nami nawaambia, swali hilo lina tamaa ndani yake! Uliza hivi: kipi kitaniambia ukweli? Kisha ujiulize kwa kutetemeka: nikishaambiwa ukweli, nitakuwa na nguvu za kuishusha bunduki?

Maandiko hayamlaani mwindaji. Nimrodi ametajwa katika Mwanzo sura ya 10 kwa ushujaa wake wa kuwinda. Isaka mwenyewe alipenda nyama ya mawindo. Lakini mtazameni Esau! Kilichomwangusha hakikuwa upinde. Alirudi kutoka porini akiwa na njaa, akashindwa kungoja, akauza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu. Haraka ndiyo iliyomwangusha Esau, na haraka hiyo hiyo imekaa kwenye kidole cha kila ashikaye bunduki.

Basi tukijue chombo chenyewe, maana ujinga si utakatifu. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman mwaka 1960. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo maalumu mwezini, na tangu wakati huo wataalamu hupiga mwali kutoka duniani, ukagonga vioo vile na kurudi, wakajua mwezi uko umbali gani. Telemeta yako inafanya kazi ile ile. Inarusha mwali usioonekana kwa jicho, inahesabu muda wa kwenda na kurudi. Nuru hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Mnyama akiwa mita 300, mwali umeshaenda na kurudi katika sehemu 2 za milioni ya sekunde. Ewe mwanadamu, umepewa kupima kwa nuru, nawe unataka kuutumia upimaji huo kwa majivuno?

Sikia namna ya kuchagua.

Usiiamini namba iliyoandikwa kwenye kasha! Wakiandika mita 1,000, kwa kawaida wamepima juu ya kitu kinachong'aa, kibao cha barabarani au bati. Manyoya ya mnyama, tena yaliyolowa mvua, humeza mwali; huenda ukapata nusu ya namba ile, au chini ya nusu. Muulize muuzaji: kwa mnyama, inasoma mita ngapi? Akibabaika, rudisha fedha zako mfukoni.

Kumbuka ukungu na mianzi. Hapa si jangwani. Mlima Kahuzi una urefu wa mita 3,308, na asubuhi nyingi umefunikwa usionekane. Ukungu huurudisha mwali kabla haujafika, na jani moja la mwanzi likikaa mbele litakupa umbali wa jani. Tafuta chombo unachoweza kukiamuru kiache kitu cha kwanza na kisome kitu cha mwisho. Uulize pia mwali wake unatanuka kiasi gani. Ule unaotanuka mita 2 katika kila mita 1,000 utakuwa na upana wa mita 1 ukifika mita 500. Hapo utagonga kisiki kilicho kando ya mnyama, nawe utaamini umempima mnyama.

Kumbuka milima. Nani Bukavu amewahi kutembea sehemu tambarare? Ukilenga chini bondeni kwa mteremko wa nyuzi 30, telemeta ya kawaida itasoma mita 400, lakini risasi itaanguka kama ya mita 346. Ukifuata namba ile ya kwanza, utapiga juu ya mgongo, au utavunja uti wa mnyama na kumwacha ajikokote kichakani hadi usiku. Chombo kisichosahihisha mteremko, katika nchi yetu, ni shahidi wa uongo!

Kumbuka pia vipimo vya waliokitengeneza. Vyombo vingi vya Marekani husoma yadi. Yadi 500 ni mita 457 tu. Kiweke kwenye mita siku ile ile unapokifungua. Na kabla ya kulipa, ujue betri yake inapatikana mjini. Chombo kilichozimika ni mzigo tu.

Hayo ndiyo ya kununua. Sasa nasema yale ambayo hayauzwi.

Telemeta haijui upepo. Haijui kama nyuma ya mnyama kuna mama anayekata kuni. Risasi ikienda mita 400 hutumia nusu sekunde au zaidi, na katika muda huo mnyama hupiga hatua. Ulipolenga moyo, unapata tumbo. Risasi iliyokosa haifi pale ulipokusudia. Risasi ya bunduki ya kuwindia yaweza kwenda zaidi ya kilomita 3, ikitafuta mtu ambaye hakuwa na ugomvi nawe. Je, hilo nahitaji kulieleza mji huu? Tuliosikia milio ya vita ya mwaka 1996, tukalala chini mwaka 2004, tukafunga milango tena Februari 2025? Sisi, watu wa nyumba za mabati juu ya mabati, tunajua kwamba risasi haiulizi jina!

Kwa hiyo jiwekee mpaka. Weka karatasi kwenye mlima usio na mtu, upige kwa pumzi ile uliyo nayo baada ya kupanda, si ile ya kukaa mezani. Umbali ambao risasi zako zote zinaingia katika duara la moyo wa mnyama, huo ndio umbali wako mbele za Mungu. Ukiwa ni mita 120, ni mita 120! Uandike kwa kalamu, uubandike juu ya telemeta. Chombo kikisoma 121, piga magoti umshukuru Mungu kwa kukuonyesha kiumbe chake, kisha uende nyumbani bila nyama.

Tena kabla ya mpaka wako kuna mpaka wa sheria. Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982 inadai kibali. Sheria ya uhifadhi wa maumbile ya mwaka 2014 inalinda parki za taifa. Ndani ya parki ya Kahuzi-Biega hakuna umbali halali wa kuua, hata mita 1 wala mita 1,000. Parki ile iliundwa mwaka 1970, ikaingia katika urithi wa dunia mwaka 1980, na tangu 1997 imo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Vita vilipita mle, na mitego, na uchomaji wa makaa, na migodi. Tembo wa sehemu ya juu walikwisha karibu wote. Wako waliowatuma watu wenye njaa kuwinda, nasi tuliokaa mjini tukala nyama ile bila kuuliza imetoka wapi. Toba ianzie mezani!

Lakini mtu asisimame hapa kumtupia jiwe Mutwa, mtu wa jamii ya Batwa, wenyeji wa msitu ule. Mababu wa Batwa waliwinda kwa nyavu, mbwa na mkuki; walimkaribia mnyama hadi wakamjua. Ndio waliotolewa msituni wakati parki inaundwa na kupanuliwa, wakaachwa bila ardhi. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi kwamba haki zao zimevunjwa. Anayehubiri ulinzi wa wanyama akanyamazia Batwa anahubiri nusu ya Injili.

Sasa sikieni kazi njema ya mwali huu wa leza, maana Mungu hakutupa akili ili tuue tu. Gorila wa Grauer hawaishi popote duniani isipokuwa mashariki mwa Kongo. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Mwaka 2016 wataalamu walisema wamebaki 3,800. Mwaka 2021 makadirio yakawa 6,800. Je, walizaliana ghafla? Hapana! Watu waliingia misitu ambayo haikuwa imehesabiwa, wakapima vizuri zaidi. Wanatembea mstari ulionyooka, wanahesabu viota vya usiku, na kwa kila kiota wanapima umbali kutoka kwenye mstari, kwa utepe au kwa leza. Wakikosea umbali, idadi nzima inapotoka. Mita zilizopimwa kwa uaminifu zimetuambia kwamba maelfu wangali hai!

Na mgeni anayekwenda kuwaona gorila huambiwa akae mbali mita kadhaa, avae barakoa, asizidishe saa moja, kwa sababu kikohozi chetu chaweza kuwaua. Hapo umbali ni upendo uliohesabiwa kwa mita.

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Bukavu, watafiti wa kituo cha Lwiro, hiki ndicho chombo chenu! Kidaini, jifunzeni, pandeni nacho mlimani. Mjomba wa ughaibuni, ukiwa na dola za kutuma telemeta, mtumie yule anayehesabu. Mfanyabiashara wa Nyawera mjini, mwambie mteja kile lisichosema kasha. Mama mwenye sufuria, uliza nyama imetoka wapi, na ukijibiwa kwa kunong'ona, usinunue. Walinzi wa parki, muwe wa kwanza kumtendea Mutwa haki. Nawe mwindaji mwenye kibali, pima kila mara, na ukipima uwe tayari kukataa. Aliyejifunza kutopiga ndiye mwindaji. Yule mwingine ana bunduki tu.

Anzeni wiki hii. Amina!