Mtunza Bustani na Usiku wa Jalidi



Huko Ujerumani mwezi wa Aprili hauaminiki: asubuhi jua, adhuhuri mvua ya mawe, usiku jalidi. Hata hivyo mtunza bustani haketi ndani akingoja hali njema. Njegere na vitunguu huvipanda mapema, maana vyastahimili baridi. Bali maharagwe na matango huyangojea mpaka zipite siku za tarehe 11 hadi 15 Mei, ambazo wenyeji huziita Watakatifu wa Barafu. Miche ya nyanya huitoa nje mchana ipate kuzoea upepo, na jioni huirudisha ndani.

Tena hujihadhari zaidi usiku ule ulio mzuri, usio na wingu. Kwa kuwa mawingu ni kama blanketi la nchi. Yasipokuwapo, joto la udongo hupaa, na jalidi hushika. Kukipambazuka, miche isiyofunikwa huonekana imekuwa myeusi.

Basi sisi tuliopewa kulitunza shamba la Bwana, tujiulize: je, wale waliobatizwa juzi wamefunikwa? Siku ya msiba watu wote huwakumbuka. Siku ya raha husahauliwa, na hapo ndipo wengi hupotea. Tusiwatwike mizigo ya wakomavu kabla ya wakati wao, wala tusiwafungie ndani wasipate nguvu. Twende kwao jioni, hata mbingu zikiwa safi. Kukuza ni kazi ya Mungu. Kufunika ametuachia sisi.