Rangi Haijakauka, Shemeji

Kuna jibu moja ambalo limejadiliwa huku kwetu Teso, Chakol, wiki hii nzima: sokoni, kwenye chama cha akina mama na, naambiwa, hata nje ya kanisa. Lilitoka kinywani mwa mdogo wangu, Jumapili alasiri, uani kwake. Nilikuwepo.

Tulikuwa mkekani chini ya mwembe, yeye, mimi na binti wa jirani. Katikati yetu palikuwa na beseni la maji vuguvugu na chupa za rangi ya kucha alizonunua ng'ambo, Busia ya Uganda. Kaka mkubwa wa mumewe akapiga hodi. Tukamkaribisha kwa heshima zake zote. Akaketi, akavua kofia, akauliza habari za watoto, kisha akauliza lile swali la mashemeji: "Hapa leo hakuna chai?"

Mdogo wangu akainua mikono, vidole vimetanuliwa, kucha zinametameta kijani na dhahabu. "Rangi haijakauka, shemeji. Chai iko kwenye thamosi, vikombe viko hapo kwenye trei."

Shemeji alijimiminia. Tena aliongeza kikombe cha pili. Lakini kabla wiki haijafika katikati, habari ilikuwa imefika Adungosi: kuna mke wa mtu anayewaambia wakwe wajihudumie kwa sababu ya kucha.

Wanaomlaumu wanaanza na uvivu. Hao hawajawahi kuipaka rangi ya glita wakaona kazi yake. Kucha hulowekwa kwanza. Ile ngozi ya kwenye mzizi husukumwa nyuma kwa kijiti. Haikatwi, kwani ndiyo inayozuia vijidudu visipenye. Hufuata tupa, kisha rangi ya msingi isiyoonekana, ili ukucha usije ukabaki na umanjano. Glita yenyewe ikipakwa kwa brashi tu huteleza: majimaji mengi, chembe za kuhesabu. Kwa hiyo mdogo wangu hukata kipande kidogo cha sponji ya godoro, akakipaka rangi, akangoja sponji inyonye majimaji, halafu akaugongagonga ukucha taratibu mpaka chembe zikajaa pembe zote. Iliyomwagikia ngozi huifuta kwa njiti ya kiberiti iliyozungushiwa pamba na kuchovywa kwenye asetoni. Na hayo yote, ifikapo zamu ya mkono wa kulia, hufanywa na mkono wa kushoto. Anayeuita huo uvivu ajaribu kidole kimoja.

Wengine wanauliza: basi kwa nini glita? Kwa nini asipake rangi iliyotulia, inayomfaa mama wa watu? Jibu liko kwenye kazi zake. Yeye humenya muhogo, hufua, huosha masufuria yaliyoshika masizi. Rangi nyekundu ya kawaida ikibanduka kidogo tu kwenye ncha, kila mtu anaona. Glita ikibanduka haionekani upesi, maana tangu mwanzo ni chembe zilizotawanyika. Tena hung'ang'ania. Kuitoa inabidi pamba iliyolowa asetoni ifungwe kwa foili juu ya kila ukucha kwa dakika kadhaa, mbali na jiko, kwa sababu mvuke wake hushika moto haraka. Hii inayodhaniwa kuwa rangi ya wasio na kazi ndiyo inayovumilia kazi.

Wala asili ya rangi ya kucha si ya kitandani. Kampuni ya Cutex ya Marekani, iliyoanza mwaka 1911 na dawa ya kulainisha ngozi ya kucha, ilikuwa ikiuza rangi ya majimaji kabla ya miaka ya 1920. Katika miaka hiyo ya 1920 viwanda vya magari navyo vikashika rangi ya nitroselulosi, iliyokauka upesi kuliko za awali. Kemikali hiyo hiyo hadi leo ndiyo inayogeuka utando mgumu juu ya ukucha.

Yuko mpinzani mmoja ninayemsikiliza. Huyu anasema glita ni plastiki, na ni kweli: ni utando mwembamba wa plastiki uliopakwa alumini ukakatwakatwa. Umoja wa Ulaya ulianza kupiga marufuku glita ya unga ya plastiki Oktoba 2023, ingawa rangi za kucha zimepewa muda hadi 2035. Nasi Kenya, tuliopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, hatuna sababu ya kujifanya hatujui. Pamba yenye chembe isisuuzwe ikaelekea mtoni. Na mwenye kazi ya uuguzi afuate masharti ya kazi: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unawataka wahudumu wa afya wasivae kucha bandia na wakate za kwao ziwe fupi. Hayo nayakubali bila ubishi.

Lakini shemeji hakulalamikia plastiki. Hakulalamikia kemikali wala bei ya chupa. Chai ilikuwepo, tena ya moto. Kilichomuudhi ni kuona mikono ya mwanamke, mchana kweupe, haiwezi kutumwa.

Hapo ndipo penyewe. Katika nyumba zetu mikono ya mama ni ya kila mtu. Akisema amechoka, ataulizwa ni nani asiyechoka. Akikaa tu, atapakatishwa mtoto. Akilala mchana, ataulizwa kama ni mgonjwa. Kati ya visingizio vyote nilivyowahi kusikia, "rangi haijakauka" ndicho pekee ambacho hata mtoto wa miaka minne anakielewa na kukiheshimu. Nilimwona wa mdogo wangu akifika na kamba ya kiatu, akatazama zile kucha, akageuka kumtafuta baba yake.

Mtaniambia ni mambo ya kisasa, yameletwa na simu. Nendeni pwani. Bibi harusi wa Mombasa au Lamu hukaa saa nyingi na hina mikononi na miguuni, akilishwa na kunyweshwa na wenzake, na hakuna shemeji anayethubutu kumwagiza chai. Hiyo tunaiita mila. Nendeni Kampala katikati ya jiji, mkawaone vijana wa kiume wanaopaka wanawake kucha kwa malipo. Hiyo tunaiita biashara. Mwanamke akijipaka mwenyewe, kwa mkono wake, uani kwake, ghafla limekuwa suala la maadili.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Sisi wa Teso tunajua kuketi. Wazee huzunguka chungu cha ajon, pombe yetu ya jadi, kila mmoja na mrija wake mrefu, jua likawapita kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Sijamsikia mtu akimwambia mzee aweke mrija chini akachote maji. Sisemi wasikae, kikao kile kimepatanisha koo nyingi. Nasema tu kwamba nusu saa ya mwanamke kungoja kucha zikauke haiwezi kuwa uvivu mbele ya alasiri nzima ya mrija.

Labda mwafaka upo. Wenye busara kuliko mimi watautafuta. Kwa sasa ninachojua ni kwamba rangi ya tabaka mbili hukauka mapema mno. Nimemshauri mdogo wangu aongeze la tatu.