Je, Yafaa Fundi Kuondoka Sokoni?

Iko methali isemayo, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Tangu utoto twaisikia, nasi twaikubali bila kuiuliza neno. Lakini siku hizi mafundi wa sanaa, wachongaji na wachoraji, wameingiwa na mashaka juu yake. Maana wanaona kizuri nacho chatembezwa, tena usiku na mchana, katika mitandao ya kijamii. Na asiyekitembeza hukaa na vinyago vyake hata vumbi likavifunika. Basi wako mafundi, hasa katika nchi za mbali, waliochoka kutembeza. Wamezifunga kurasa zao za Facebook na Instagram, au wameziacha zikae kimya, wakajijengea tovuti yao wenyewe, yaani nyumba ndogo ndani ya intaneti, yenye jina lao mlangoni. Kila mwenye simu na kazi ya mkono aweza kuulizwa jambo hilo siku moja. Basi tulipime: je, mtu huyo afanya vema? Au amewakimbia wenzake kwa kiburi?

Natuweke mfano wa karibu. Ndanda ipo chini ya mteremko wa uwanda wa Makonde, katika njia iendayo Masasi; na juu ya uwanda huo ndiko Newala. Tuseme yuko fundi mmoja upande huo, ana tezo, patasi na gogo la mpingo. Mpingo ni mti usio na haraka. Husemwa kwamba huchukua miaka 70 hata 100 kabla ya kufaa kukatwa. Fundi wetu naye hana haraka. Lakini amenunua simu, na kila kinyago akipiga picha hata kabla hakijapigwa msasa, kisha akaituma, kisha akakaa kuhesabu wangapi wameipenda. Nguzo ya watu waliobebana, iliyomchukua miezi 3, imependwa na watu 9. Kichwa kidogo chenye mdomo mpana, alichokichonga asubuhi moja kwa mchezo, kimependwa na watu 400. Hakuna aliyemwamuru neno. Lakini juma lifuatalo mkono wake wachonga midomo mipana. Mwaka ukipita, ile nguzo haichongi tena, wala hajui ni siku gani aliyoiacha.

Hapo ndipo penye hatari. Hatusemi kwamba fundi ameibiwa. Twasema kwamba amegeuzwa bila kuulizwa, naye akadhani kwamba amechagua.

Pengine msomaji atasema, "Jicho la mnunuzi si jambo jipya." Ni kweli, wala hatutaki kuificha kweli hiyo. Wamakonde wengi walivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji wakaja kutafuta kazi huku, na wachongaji miongoni mwao wakawauzia wageni vinyago vyao. Katika miaka ya 1950 alikuwako Dar es Salaam mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, aliyenunua kazi zao na kuwatia moyo. Yasimuliwa kwamba mchongaji Samaki Likankoa alimletea umbo la ajabu lisilofanana na mtu wa kawaida, naye Peera akalipenda. Ndipo vikaenea vinyago tuviitavyo mashetani, ambavyo leo vyajulikana duniani kote. Basi hatuwezi kusema kwamba soko ni sumu. Hapo soko lilisaidia kuzaa kitu kipya.

Lakini tuangalie tofauti. Peera alikuwa mtu. Alikishika kinyago mkononi, akakigeuza, akasema neno. Na fundi aliweza kumbishia, au kuchukua mzigo wake na kwenda zake. Katika mitandao ya leo apangaye nani aone nini si mtu mwenye macho, bali ni hesabu ifanywayo na mashine. Mwaka 2016 Instagram iliacha kupanga picha kwa kufuata saa zilipotumwa, ikaanza kuzipanga kwa kadiri ihesabuvyo kwamba mtazamaji atavutwa nazo. Hesabu hiyo haipendi vinyago wala haivichukii. Kazi yake ni kumshika mtazamaji asiondoke, ili matangazo ya biashara yapate macho. Fundi anayeitumikia hesabu hiyo hana wa kumbishia.

Wazee wa uwanda huu walikuwa na desturi nyingine. Kinyago cha midimu, kivaliwacho na mchezaji wakati vijana watokapo jandoni, hakikutundikwa njiani kila mtu akitazame. Kilifichwa hata siku yake. Kilipotokea watu walishtuka, wakacheka, wakakimbia; kisha kikarudi kufichwa. Na waliokitazama walikuwa watu waijuao ngoma, wawezao kusema hiki kimeshika na hiki hakikushika. Macho hayo yalikuwa machache, lakini yalikuwa macho ya wajuzi. Twadhani fundi hujifunza zaidi kwa wajuzi 10 kuliko kwa wapita njia 10,000, kwa sababu mjuzi humwambia alipokosea, bali mpita njia hupita tu.

Sasa tuzijibu hoja za wanaomlaumu fundi aondokaye.

Wa kwanza husema, "Ni kiburi." Yaweza kuwa. Yuko mtu aondokaye sokoni kwa kuwa hakusifiwa vya kutosha, naye ajenga nyumba ili ajisifu mwenyewe ukutani. Huyo hakuondoka sokoni. Amelichukua soko akaingia nalo ndani. Lakini yuko mwingine aondokaye ili apate kusikia tena mlio wa patasi yake. Watu hawa wawili milango yao yafanana. Tutawatambua kwa kazi watakazozitoa baada ya miaka miwili.

Wa pili husema, "Ni anasa ya wenye shibe." Hoja hii ina uzito, nasi hatuipiti upesi. Ukurasa wa Facebook haulipiwi, bali jina la tovuti na mahali pa kuiweka hulipiwa kila mwaka, na mwenye kuijenga naye ataka ujira wake. Kijana wa Newala asiye na jina wala akiba, tumwambieje aondoke mahali penye watu? Hatumwambii. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, aliuza picha zake nje ya duka la Morogoro Stores huko Oyster Bay, Dar es Salaam. Alianzia kwenye baraza ya wengine, wala si aibu. Yeye alikufa mwaka 1972. Ndugu na wanafunzi wake waliendelea na kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Baraza ya mwingine ni mahali pema pa kuanzia. Lakini mwenye baraza aweza kufagia asubuhi yoyote, nawe ukafagiwa pamoja na taka.

Tumeyaona hayo. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa 6 hivi, na wafanyabiashara wengi wadogo hawakuwa na njia nyingine ya kusema na wanunuzi wao. Tena mwaka 2024 wachoraji wengi wa ng'ambo walikasirika waliposikia kwamba kampuni yenye Instagram yatumia picha zilizowekwa wazi kuzifundisha mashine zichorazo. Wakahamia kwa wingi mahali paitwapo Cara. Kwa muda wa juma moja watu wa Cara walizidi kutoka 40,000 hivi hata zaidi ya 600,000. Hatuwalaumu, lakini twaona kwamba walitoka kwenye baraza moja wakaingia baraza nyingine.

Wa tatu husema, "Nyumba yako nayo yaweza kufungwa." Naam. Mwaka 2018 kanuni za serikali yetu ziliwataka wenye blogu kuomba leseni na kuilipia ada; na tangu tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa, tovuti na mitandao pamoja. Basi asidhani mtu kwamba tovuti ni ngome. Faida yake ni nyingine: mwenyewe hupanga kipi kitangulie na kipi kifuate, huandika jina la kila kazi, mwaka wake na mti wake, huweka anwani za wanunuzi katika daftari lake.

Jambo la jina si dogo. Mwaka 1984 kinyago kimoja cha Kimakonde kiliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kisha kikaonekana katika makumbusho ya Barbier-Mueller huko Geneva. Kilikubaliwa kurudishwa mwaka 2010. Kitu kilicho na kwao chaweza kupotea miaka 26 na bado kikarudi. Lakini ni vinyago vingapi vilivyouzwa duniani kwa jina la "Makonde" tu, pasipo jina la mkono uliovichonga! Fundi aandikaye jina lake mlangoni hafanyi majivuno. Azuia usahaulifu.

Lakini nasi tuna onyo kwa huyo aondokaye. Nyumba isiyo na baraza ni kaburi. Akifunga ukurasa wake, haondoi sifa tu. Aondoa na mwenzake aliyemkosoa, na kijana wa kijiji cha mbali aliyejifunza kwa kutazama. Hao ana deni nao. Basi na amfundishe kijana mmoja kwa mkono, awaandikie wajuzi wake, ashuke Masasi siku ya gulio akae na wenziwe, tena arudi. Wahenga walisema, "Mcheza kwao hutunzwa." Twaona kwamba kwao si mahali alipozaliwa tu, bali mahali wanapoijua ngoma yake.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Kuondoka sokoni si wema kwa nafsi yake, wala kukaa sokoni si dhambi. Lililo jema ni fundi kuwa na kwake kwanza, ndipo aende sokoni akitoka kwake, ajue na njia ya kurudi. Swali hili si la wachongaji peke yao. Mwalimu, mwandishi, na kiongozi wa kwaya nao huhesabu macho. Kila mmoja wetu na ajiulize jioni, kazi ikiisha: Kama hapangekuwa na hata mtu mmoja wa kunisifu leo, je, ningaliifanya kazi hii vile vile? Anayeweza kujibu ndiyo, aende sokoni bila hofu. Asiyeweza, na arudi nyumbani kwanza, achukue tezo, amalize ile nguzo.