Dorothy L. Sayers na Sauti ya Kristo Redioni

Dorothy Leigh Sayers (1893–1957) alikuwa mwandishi Mwingereza aliyejulikana kwanza kwa riwaya za upelelezi, kisha kwa tamthilia za dini za jukwaani na redioni. Michezo yake ya redio ilizusha swali lililowagawa Wakristo wa nchi yake: je, ni halali mwanadamu kuigiza sauti ya Yesu Kristo?

Alizaliwa Oxford, binti wa kasisi wa Kianglikana. Alisoma lugha katika Chuo cha Somerville na kumaliza mwaka 1915 kwa daraja la kwanza, lakini alipata shahada mwaka 1920, Chuo Kikuu cha Oxford kilipoanza kuwatunuku wanawake. Kati ya 1922 na 1931 alitunga matangazo ya biashara katika kampuni moja ya London. Akiwa huko alianza kuchapisha visa vya mpelelezi Lord Peter Wimsey. Cha kwanza, Whose Body?, kilitoka mwaka 1923.

Aliingia katika tamthilia za dini mwaka 1937 kwa The Zeal of Thy House, iliyoandikwa kwa ajili ya tamasha la Kanisa Kuu la Canterbury. Mhusika mkuu ni William wa Sens, fundi aliyejenga upya sehemu ya kanisa hilo iliyoteketea mwaka 1174, kabla ya kuanguka kutoka juu ya majukwaa ya ujenzi na kuumia vibaya. Katika mchezo huo, William anaijua kazi yake na kuipenda, ila kiburi kinamfanya ajione mwenzi wa Mungu. Wazo la kazi na uumbaji lilipanuliwa katika kitabu The Mind of the Maker (1941). Humo Sayers anadai kwamba mtu amefanana na Muumba wake hasa kwa uwezo wa kubuni, na kwamba kila kazi ya sanaa ina sehemu tatu zisizotengana, mithili ya Utatu Mtakatifu: wazo, utendaji unaolipa umbo, na nguvu inayomgusa mpokeaji.

Baada ya BBC kutangaza mchezo wake wa Krismasi mwaka 1938, J. W. Welch, mkuu wa vipindi vya dini, alimwomba aandike maisha ya Yesu kwa ajili ya kipindi cha watoto. Sayers alitaka Kristo awe mhusika anayesema, tena kwa Kiingereza cha siku zile. Idara ya watoto ilipotaka kumrekebishia maandishi alikataa katakata, na utayarishaji ukahamishiwa kwa Val Gielgud, mkuu wa tamthilia. Hivyo ikapatikana The Man Born to Be King, michezo 12 iliyotangazwa kuanzia Desemba 1941 hadi Oktoba 1942, Robert Speaight akiwa Yesu.

Wakati huo sheria za ukaguzi zilizuia kumwigiza Kristo katika majumba ya michezo. Redio haikuwa na jukwaa wala watazamaji, hivyo njia ikapatikana. Hata hivyo, vyama vya Kiprotestanti vilifanya kampeni ya kuizuia michezo hiyo, na suala likafika Bungeni. Wapinzani waliona ni kufuru mwigizaji, ambaye naye ni mwenye dhambi, kutamka maneno ya Bwana na kuongeza mengine yasiyomo katika Injili. Singapore, koloni la Uingereza, ilipotekwa na Wajapani Februari 1942, baadhi yao walisema hiyo ni adhabu ya Mungu.

Jibu la Sayers lilitokana na fundisho la Umwilisho. Ikiwa Neno lilifanyika mtu kweli, basi mtu huyo alikuwa na sauti, lafudhi, marafiki na maadui wa kawaida. Heshima inayomweka mbali na usemi wa watu inakaribia uzushi wa kale uliodai kwamba mwili wake ulikuwa kivuli tu. Kwa sababu hiyo Yuda hakuchorwa kama mwovu wa hadithi, bali kama mfuasi mwenye akili kali anayeangushwa na kiburi chake. Nao Pilato na askari ni watumishi wa serikali wasiojua wanachokitenda. Hoja hiyo ina mpaka: haimfungi asiyekubali Umwilisho, na haijibu hofu kwamba sauti ya mwigizaji mmoja inaweza kuganda akilini mwa msikilizaji badala ya Injili yenyewe.

Mwaka 1943 Askofu Mkuu wa Canterbury, William Temple, alimpa nafasi ya kutunukiwa udaktari wa theolojia, naye akakataa. Miaka yake ya mwisho aliitumia kutafsiri shairi kuu la Dante, mshairi Mwitaliano. Alifariki kabla ya kumaliza sehemu ya tatu, ikakamilishwa na Barbara Reynolds. Nao ukaguzi wa michezo ya jukwaani nchini Uingereza, uliozuia kumwigiza Kristo, ulifutwa kwa sheria mwaka 1968.